Turubai la Emojong

Juzi kijana mmoja wa karakana ya hema pale Mundika aliniuliza, "Mzee Wandera, wewe ulitoboa aje?" Nilikuwa nimekaa kwa kiti chao cha plastiki nikiwatazama wakishona hema za harusi kwa mashine, mshono wa futi thelathini unaisha kabla chai yangu haijapoa. Nikamwambia kutoboa ni kazi ya sindano, wakacheka, wakarudi kwa mashine zao. Lakini lile swali lilinifuata mpaka nyumbani na likakataa kuondoka. Basi nimeandika. Someni wote, hata wale mnaojifanya mnajua.

Jibu la kweli ni kwamba nilitoboa mapema, nilitoboa kwa njia mbaya, na wakati wote huo nilikuwa nakufa na wivu. Si wivu wa mke wala wa ng'ombe. Nilimwonea wivu fundi mwenzangu, mtu wa Chakol anaitwa Emojong, ambaye hakuna dereva hata mmoja pale Malaba aliyemjua jina. Mimi ndiye waliyemjua. Miaka ya sabini, malori ya kutoka Mombasa kwenda Kampala yakipiga foleni kungoja karatasi za forodha, ukiuliza fundi wa turubai ulikuwa unaambiwa, "Tafuta Umeme." Umeme ni mimi. Jina nilipewa na dereva mmoja Mganda aliyenitazama nikifunga lori lake, kamba ishirini, kabla hajamaliza sigara. "Banange!" akasema. "Huyu mtu ni umeme!" Mkiniona leo na fimbo yangu hamwezi kuamini, lakini waulizeni wazee wenzangu, wale wachache waliobaki.

Turubai la siku hizo si haya manailoni yenu. Lilikuwa la pamba nzito iliyotiwa dawa ya kuzuia maji, linanuka mafuta na nta. Watu wawili walilibeba likiwa kavu, na wanne likiwa limelowa. Tulilishona kwa mkono, pande kwa pande, kwa shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, tukiisukuma kwa kipande cha ngozi tulichofunga kiganjani. Uzi ulikuwa wa katani. Mwaka wa kwanza vidole vinatoka damu, mwaka wa pili vinakuwa kama kwato, na baada ya hapo ukishika sufuria ya moto, mke ndiye anayepiga kelele.

Bandani tulikuwa watatu tu. Mwenye banda alikuwa Mzee Ramadhani, Mwislamu wa Mumias, mtu mfupi mwenye kanzu iliyopauka, ambaye alikuwa ameshona hema tangu wakati wa mkoloni. Halafu Emojong. Halafu mimi. Emojong na mimi tuliingia mwaka mmoja, tukafundishwa maneno yale yale na mdomo ule ule, kwa hivyo msije mkaniambia mwenzangu alikuwa na bahati ya mwalimu.

Somo la kwanza lilikuwa nta. Unaupitisha uzi kwenye bonge la nta ya nyuki kabla ya kushona, ili tundu la sindano lijae na maji yakose mlango. Mzee alisema mara saba. Mimi nilipitisha mara mbili, uzi ukang'aa, nikaona inatosha, kwani nani atahesabu? Emojong alipitisha saba. Si sita, saba. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyehesabu, siku ya kwanza, siku ya pili, mwezi mzima, nikingoja akosee, na yule mtu hakukosea. Mimi nimemaliza pande moja, yeye bado anapaka nta na kuimba kitu chini chini kwa Kiteso.

"Emojong," nikamwambia, "chelewa chelewa utakuta mwana si wako."

Akanitazama, akasema, "Nitapata mwingine." Akaendelea na nta yake.

Kosa langu kubwa la mwanzo mtalipenda. Mapande mawili yakiunganishwa, moja hulalia lingine kama mabati ya nyumba. Sasa, nyumba haitembei. Lori linatembea, na upepo unatoka mbele, kwa hivyo ukingo wa pande la juu lazima uangalie nyuma ya lori. Ukiuelekeza mbele, upepo unaufunua na mvua inaingia kama mgeni aliyealikwa. Mimi kwa haraka zangu nilishona turubai zima kinyume, halafu nikapamba pembe zake kwa uzi mwekundu, ua moja kila pembe. Madereva wakaja kuyaangalia yale maua, wakaita wenzao. Lori likaondoka na saruji. Juma lililofuata dereva alirudi, akateremsha kitu kizito mlangoni. Kilikuwa mfuko wa saruji uliogeuka jiwe, na mikunjo yake yote.

"Umeme," akasema, "maua yako yamezaa."

Mzee Ramadhani hakunigombeza. Alilibingirisha lile jiwe mpaka mahali pangu pa kushonea, akasema, "Hapa ndipo utakapokaa." Nilikalia saruji miezi minane. Makalio yalielewa kabla ya kichwa.

Mnajua lakini kilichoniuma? Si jiwe. Emojong hakucheka. Foleni nzima ilicheka, hata mama wa chai alicheka mpaka akaketi chini, na yeye alikuja tu akasema kwa sauti ya chini, "Hata mimi nilikuwa karibu kuweka hivyo, Wandera. Nikauliza." Afadhali angenizaba kofi. Alikuwa mtu wa pekee Malaba aliyeniita Wandera. Wengine wote waliniita Umeme, na kila aliponiita Wandera niliona kama ananivua shati.

Sasa niwaambie juu ya kidole gumba. Macho ya Mzee yalikuwa yanafifia. Alikuwa anatambua mtu kwa mwendo, na kazi alikuwa anaikagua kwa kidole gumba. Anafumba macho, anakipitisha kwenye mshono kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kwangu kilipita kwa kasi ileile niliyoshonea. "Sawa," anasema, anakwenda zake. Kwa Emojong kilikwenda polepole. Kinafika mahali, kinasimama, kinarudi nyuma, kinapita tena. Hakumsifu, msinielewe vibaya. Sikuwahi kumsikia akimsifu hata siku moja. Alirudia tu, kama mtu anayerudia kipande cha nyama kwenye sahani.

Haya maua yangu mekundu, nakshi zangu zote, herufi kubwa nilizopaka rangi, nilikuwa nampambia mtu asiyeona! Na hata hivyo sikuacha. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nilisema, na mimi si najiuza? Malori yanapiga honi kwa ajili yangu. Na bado ningezitoa honi zote hizo bure, kile kidole kirudie mara moja tu mahali nilipopita mimi. Hakikurudi. Nikienda nyumbani nilimsimulia mke wangu, Nabwire, habari za Emojong, amefanya hivi, amefumua vile, mpaka siku moja akaweka mwiko chini akaniuliza, "Huyu Emojong umemwoa lini?"

Wivu una mambo. Ulinifanya nijue kazi ya Emojong kuliko alivyoijua yeye. Nilijua anashona sehemu ngumu asubuhi, kabla jua halijalainisha nta. Nilijua anafumua kwa kisu butu ili asikate nyuzi za kitambaa. Nilijua akimaliza siku anarudi mwanzo wa mshono na kuufuata wote kwa macho, taratibu, kama mama anayemkagua mtoto chawa. Nilijua yote hayo na sikufanya hata moja, kwa sababu kuyafanya kungekuwa kukubali kwamba yuko mbele yangu.

Jambo lililonishinda kabisa lilikuwa kunywesha. Turubai jipya la pamba, hata ulishone vipi, mara ya kwanza linavuja kwenye matundu ya sindano. Dawa yake ni kulinywesha. Unalitundika kwa pembe zake nne kwenye nguzo, linabonyea katikati kama karai kubwa, unamwaga maji madebe kadhaa, unaliacha. Nyuzi zinakunywa, zinavimba, zinajifunga. Unalianika likauke kabisa, unalinywesha tena. Mara tatu. Siku ya mwisho unatandaza jivu laini chini yake, kwa sababu jivu halidanganyi, tone moja likianguka linaacha shimo. Kazi hiyo haionekani na mtu. Dereva akipita anaona turubai limening'inia na maji, basi. Mimi nilikuwa nanywesha mara moja na kusema mvua ya njiani itamalizia.

Na kuna jambo moja ambalo mtu wa turubai anafundishwa siku ya kwanza na halisahau. Turubai likiwa na maji juu, usiliguse kwa chini. Hata kama haliingizi tone, ukiligusa tu kwa kidole, maji yanafuata pale ulipogusa na yanaanza kushuka. Ukivuta kidole, yanashuka mstari mzima. Madereva waliolala chini ya maturubai yao walikuwa wanatulaumu sisi kumbe ni vichwa vyao. Likumbukeni hilo.

Basi Mzee Ramadhani akachoka. Jumatatu moja alituita, akasema macho yamemwacha na anarudi Mumias kwa wanawe. Banda litabaki na mmoja wetu, na yule mwingine atakuwa chini yake au atafute pengine.

"Mna maturubai mawili ya tajiri wa Busia," akasema, "kila mtu lake. Jumamosi anakuja kuchukua. Ijumaa tutanywesha mara ya mwisho na kuweka jivu. Ambaye lake halitavuja, na litakuwa tayari tajiri akifika, banda ni lake. Sina maneno mengine."

Nilipiga moyo konde, nikasema hii ni yangu. Nani atampa banda mtu ambaye madereva hawamjui? Nikashona juma lile kama mwendawazimu, nikamaliza Jumatano mchana, nikanywesha mara moja. Emojong alikuwa amemaliza lake juma lililotangulia, sijui aliliona wapi hilo jambo likija, na siku zile zote lilikuwa linakunywa na kukauka, linakunywa na kukauka.

Ijumaa asubuhi tukayatundika yote mawili, bega kwa bega, tukamwaga maji. Emojong akachekecha jivu akalitandaza chini ya yote mawili. Mzee akaenda msikitini kwa sala ya Ijumaa. Saa saba hivi nikachungulia. Chini ya langu jivu lilikuwa na mashimo. Moja, mawili, nikahesabu tisa, na la kumi likaanguka nikiliangalia. Nikachungulia chini ya la Emojong. Jivu lilikuwa kama unga uliotoka mashine sasa hivi.

Nisiwadanganye kwamba niliogopa kukosa banda tu. Niliogopa Mzee atainama, atapapasa lile jivu kavu, na atatulia. Ule utulivu wake nisingeuvumilia. Emojong akachukua madebe mawili akaenda kisimani kuongeza maji. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Nikapiga magoti, nikatambaa chini ya turubai lake, nikatafuta mshono wa katikati, nikaweka kidole, nikauvuta wote. Niliufuata mshono wenyewe ili ionekane mshono ndio umekosea. Hakuna mwizi wa mjini angejua kufanya vile. Ilihitaji fundi.

Maji yalinifuata nyuma ya kidole kama jasho. Nikarudi kinyumenyume nikisawazisha jivu kwa mkono, nikasimama, nikaenda kukaa.

Mzee aliporudi alipapasa jivu langu, akahesabu kwa vidole. "Matone," akasema, "machache. Mvua ya kwanza itayafunga." Akahamia kwa Emojong, mkono wake ukakuta tope. Emojong alikuwa ndiyo anafika kutoka kisimani, Mzee akamgeukia.

"Ulinywesha mara ngapi?"

"Tatu, Mzee."

"Basi mshono wako una neno."

Emojong aliweka madebe chini. Akapiga goti, akatazama jivu, akatazama juu kwenye mshono, akatazama jivu tena. Nilingoja aniangalie, na hakuniangalia. Akasema, "Nitafumua."

"Tajiri anakuja kesho," Mzee akamwambia.

"Nitafumua, Mzee."

Na akafumua! Siku nne, vijana. Mshono mzima niliojua hauna kosa hata la punje, akaufumua tundu kwa tundu kwa kile kisu chake butu, halafu akaanza upya, uzi, nta, mara saba. Jumamosi tajiri alikuja akachukua langu, lenye maua mekundu, akalisifu sana. Mzee akanipa ufunguo wa banda mbele ya watu. Madereva wakapiga honi mpaka askari wa forodha akatoka nje kuuliza kuna nini. Mimi nilikuwa naangalia kwenye kona, ambako mtu alikuwa ameinama anapaka uzi nta, na nikaona wivu umenishika upya. Nimepata kila kitu na bado nataka alicho nacho yule.

Jumatano alimaliza. Tukalitundika, tukamwaga maji, tukatandaza jivu, na safari hii sikuthubutu kulisogelea. Halikutoa kitu asubuhi, halikutoa kitu jioni. Mzee alipitisha kidole gumba kwenye mshono akaenda, akarudi, akaenda, akarudi. Halafu akasema, "Hili halitakwenda Busia. Tajiri nitamtafutia lingine. Hili naondoka nalo."

Akaliondoa kweli, akaenda nalo Mumias. Mnajua alilifanyia nini? Alianikia mahindi! Turubai bora lililowahi kushonwa Malaba, kuku wa Mumias walikuwa wanalitembelea. Nilipoambiwa nilicheka, halafu nikaenda nyuma ya banda nikalia kwa hasira. Mimi nilipewa banda. Kazi ya Emojong ndiyo iliyochukuliwa nyumbani.

Emojong alinishika mkono, akasema, "Hongera, Wandera," akafunga shazia zake kwenye kitambaa akaenda kwao Chakol. Nilimwambia abaki, kuna kazi. Akakataa kwa upole. Ule upole nao uliniudhi.

Sasa hapa mtanicheka, lakini nitasema. Baada ya yeye kuondoka ndipo nilipojifunza kazi. Si kwa wema. Nilipitisha uzi mara saba kwa sababu sikutaka kuwe na mtu Chakol anayepitisha saba wakati mimi napitisha mbili. Nilinywesha mara tatu nikimtukana. Nilifumua nikimtukana. Madereva wakaanza kulalamika, "Umeme siku hizi umekuwa mshumaa," na ni kweli nilipoteza wengine. Lakini jivu langu likaanza kukauka. Hakuna aliyepiga honi kwa hilo. Jivu kavu halina sherehe, unalifagia tu.

Mwishoni mwa ile miaka ya sabini kukawa na matata ng'ambo ya mpaka, Uganda, malori yakakatika. Banda likawa kimya wiki nyingi, na mtu akikaa kimya sana anajisikia. Siku moja nikachukua baiskeli nikaenda Chakol. Nilimkuta Emojong sokoni, chini ya kibanda cha mabati, amekaa kwenye benchi anashona hema la kanisa. Pembeni wamama wanauza mihogo. Nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe.

"Yoga, Wandera," akanisalimu, kama tuliachana jana.

"Yoga. Nimekuja na neno."

"Kaa kwanza."

"Sitaki kukaa. Lile turubai lako, ile Ijumaa. Ni mimi nilipitisha kidole."

Akavuta uzi mpaka mwisho, akaukaza. "Najua."

"Unajua?"

"Jivu nilitandaza mimi, na ubao. Kurudi nakuta limetandazwa na mkono." Akaonyesha kiganja. "Halafu suruali yako ilikuwa nyeupe hapa kwa magoti."

Nikakasirika, hebu fikirini, mimi niliyekosea ndiye niliyekasirika. Nikapiga kelele mpaka mama mmoja wa mihogo akageuka. "Sasa mbona ulifumua? Si ungemwambia Mzee! Banda lilikuwa lako!"

"Nilikuwa nimwambie," akasema. "Nikapiga goti niangalie vizuri, ndio nimwambie. Nikaona hapo katikati, kama sindano kumi hivi, nilizishona siku mtoto alikuwa na homa. Hazikuwa zinavuja. Lakini hazikuwa zimelala vizuri, na nilijua siku ile ile nikaziacha, nikasema hakuna mtu ataona." Akatikisa kichwa. "Sasa niende nimwambie Mzee turubai yangu haina kosa?"

"Sindano kumi! Si ungefumua hizo kumi!"

"Ukifumua kumi, za karibu zinalegea. Unajua."

Nilijua. Nikaketi chini, kwenye mchanga. Nikamuuliza, "Kwani hukulitaka banda?"

Hapo sindano ilisimama. "Nilitaka sana," akasema. "Bibi yangu alikuwa ameanza kufunga vyombo tuhamie Malaba. Ile siku ulipewa ufunguo nilienda nyumbani nikilia kwa barabara, mtu mzima. Nilikuonea wivu, Wandera, acha tu. Vile mikono yako inaenda. Vile watu wanakuita. Mimi nilikuwa nafanya mazoezi ya kufunga kamba haraka nyuma ya nyumba, watu wasione. Nikashindwa."

Vijana, mimi nilidhani wivu ni shamba langu peke yangu. Kumbe yule mtu alikuwa nao kama mimi, mzito kama wangu, na aliuweka chini akachukua sindano. Mimi niliuchukua nikatambaa nao chini ya turubai la mwenzangu. Na niseme ukweli, hata hilo nilimwonea wivu, kwamba alijua kuuweka chini.

Nikamwomba msamaha. Sikusema vizuri, maneno yalitoka yamekunjamana. Alisema, "Hii hema inatakiwa Jumapili," akasogea kwenye benchi, akanipa shazia ya pili na kipande cha ngozi.

Nikapaka uzi nta, mara saba, nikijua anahesabu. Nikashona mshono wa urefu wa mkono mmoja kwa uangalifu wote nilio nao, mimi Umeme, mwenye banda Malaba. Akainama akatazama, akachukua kisu, akafumua sindano zangu tatu, akanirudishia uzi. Damu ilinichemka. Nikashona tena. Akafumua mbili. Nikashona tena, jua limeshaanza kwenda, wamama wanafunga mihogo yao. Akafumua moja.

Mara ya nne hakufumua. Hakusifu pia. Alivuta kitambaa mbele kidogo, tukaendelea.